Mungu Alipomfungua Mdomo Mzee Wangu

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena. Na nyinyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, mkidhani Mama Lemayian atasema maneno mawili akae chini watu waende wakale, mniitikie pia. Bwana asifiwe! Kina mama, nawasalimu kwa Kimaasai, takwenya! Asanteni. Nimewekewa kiti hapa mbele kwa sababu miguu yangu haijapata nguvu sawasawa, lakini ushuhuda huu nitautoa nikiwa nimesimama. Nikichoka nitaketi, na nikiketi bado nitaendelea kusema.

Ndugu zangu, kabla sijaanza naomba ruhusa kwa mchungaji na kwa wazee, kwa sababu yale nitasema leo hayasemwi kanisani. Kwetu hayasemwi hata nyumbani. Nitataja mkojo, na nitautaja mara nyingi. Anayeona aibu atazame dirishani mpaka nimalize. Mimi pia nilikuwa naona aibu, na aibu hiyo karibu inizike.

Mnanijua. Mimi ndiye mwenye maziwa. Kila asubuhi naleta mitungi yangu hapa Kitengela, soko la Noonkopir, nauza, narudi. Nyumbani kwetu ni huko nje ukielekea upande wa Isinya, mahali ambapo nilipoolewa ungetazama mpaka macho yachoke na usione ua wa mtu. Siku hizi kila hatua ni seng'enge, nyumba za mawe, na mbwa wa wenyewe. Sisi wanawake tulikuwa tunajisaidia nyuma ya vichaka. Sasa kichaka kimeuzwa pamoja na shamba! Utaenda wapi mchana, na fundi wa mjengo amesimama juu ya ghorofa anakutazama? Unajizuia mpaka giza liingie. Na ukijua utajizuia, hunywi maji. Ukija sokoni ni hivyo hivyo, choo kiko mbali na maziwa huwezi kuyaacha. Nilikaa hivyo miaka, nikidhani ndivyo mwanamke mwenye bidii anavyoishi.

Ugonjwa ulianza kwa kuchoma. Mnajua, kina mama, msinifanye niseme peke yangu. Unakwenda haja ndogo, unapata matone tu, na hayo matone yanachoma kama pilipili. Unarudi, hujakaa, unataka kwenda tena. Watu wa town wanaita UTI, ugonjwa wa njia ya mkojo. Mimi sikuuita kitu chochote. Nilinyamaza, nikajifunga shuka kiunoni, nikaendelea kukamua.

Mchungaji aliniona uso umeshuka, akaniombea, akaniambia, "Mama, nenda hospitali." Nikamwambia nimeenda. Mchungaji, nisamehe, nilikuwa nimeenda duka la dawa. Nilimwambia yule kijana wa dukani, "Nipe zile za mkojo, nipe za leo na kesho tu." Akanipa. Maumivu yakaisha, nikamshukuru Mungu, nikasahau. Mwezi haukwisha yakarudi. Nikaenda duka lingine ili yule wa kwanza asianze kunijua, nikapewa za rangi nyingine, nazo nikazimeza mpaka niliposikia nafuu, nikaacha. Yakarudi tena. Basi ikawa ndiyo maisha yangu, napata nafuu, naacha, yanarudi yakiwa na hasira kuliko mwanzo.

Sasa nije kwa mzee wangu. Ameketi pale upande wa wanaume, amevaa koti lake la Jumapili, na ninamwona ameinamisha kichwa. Baba Lemayian, inua kichwa. Tuliongea jana, ukaniruhusu.

Ndugu zangu, mume wangu hakusoma sana, lakini mifugo anaijua. Mbuzi akikohoa ng'ambo ya bonde yeye anajua anaumwa wapi. Ana mkoba wake wa dawa za mifugo, na sindano, na majirani wote wakipata shida na ndama wanamwita. Wanamwita daktari! Na yeye akisikia hilo jina anatembea tofauti kidogo. Nasema ukweli? Mnacheka kwa sababu mnajua ni ukweli.

Siku moja aliniona nimeshika ukuta nikitoka nje. Hakuniuliza ninaumwa nini, maana hilo ni jambo la wanawake na yeye ni mtu wa enkanyit, yaani heshima yetu ya Kimaasai. Alitazama tu, akajua. Jioni akaja na mkoba wake. Kuna ile dawa ya njano ya ng'ombe, ya kudunga, kila boma iko nayo. Akasema, "Hii imesaidia ng'ombe wengi. Wewe ni mwepesi kuliko ndama mkubwa, nitakupimia kidogo." Akanidunga. Na niwaambie, mkono wake ni mwepesi, sikusikia chochote.

Nilifurahi. Msidhani nilikuwa nalazimishwa. Mume ambaye hajawahi kunishika mkono mbele ya watu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda changu, ananitibu kwa kitu anachokijua kuliko vyote duniani. Niliona napendwa. Na kweli maumivu yalitulia siku chache. Yaliporudi, akanidunga tena. Na tena. Siku nyingine alinidunga, nami kwa siri nikameza zile za dukani juu yake, nikifikiri mbili zitakuwa na nguvu kuliko moja.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa nyinyi wafugaji. Mzee wangu huyu huyu amegombana na ndugu yake wa tumbo moja kwa sababu ya kupe. Ndugu yake alikuwa anaogesha ng'ombe kwa dawa aliyoongeza maji mengi ili ifike mbali. Mzee wangu alipiga kelele mpaka watoto wakakimbia. "Unawafundisha kupe kuogelea!" Ndivyo alivyosema. Kwa sababu kupe ukimpa dawa kidogo, asiyekufa anabaki, anazaa, na watoto wake hiyo dawa kwao ni maji ya kuoga. Ilibidi boma zote mbili zibadilishe dawa, na kabla ya hapo tulizika ndama. Kwa hivyo jambo hilo tulikuwa tunalijua, sote wawili. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya mwanamke pia kuna kupe.

Ikafika asubuhi moja wakati wa kiangazi. Nilikuwa nakamua, na jua lilikuwa limeshatoka. Nikasikia baridi. Si baridi ya upepo, baridi iliyotoka kwenye mifupa. Meno yakaanza kugongana, maziwa yakamwagika, na mgongo huku chini ya mbavu ukauma kama mtu amenipiga teke. Nikaanguka pale pale katikati ya ng'ombe. Nilitapika. Mkojo ulinitoka bila ruhusa yangu, na nikauona ni mwekundu.

Walinibeba ndani. Mzee wangu akaenda kwa mkoba wake, akatoa ile chupa ya njano, akavuta dawa nyingi kuliko siku zote. Kwa bahati njema, hapana, kwa mkono wa Mungu, binti yetu Naipanoi alikuwa nyumbani. Mnamfahamu, anauza nguo hapa Kitengela. Akasimama katikati ya baba yake na kitanda.

Akasema, "Baba, mama si ng'ombe."

Ndugu zangu, kwetu binti hamwambii baba yake hivyo. Nilifumba macho nikingoja fimbo. Haikuja. Naipanoi alikuwa analia lakini hakusogea. Akasema tena, polepole, "Baba, tafadhali. Wacha hiyo sindano. Twende Kajiado." Nikasikia chupa ikiwekwa chini. Halafu nikamsikia mzee wangu huko nje akimwita jirani mwenye pikapu, na sauti yake haikuwa sauti ninayoijua.

Njiani sikumbuki mengi. Nakumbuka mbingu, na mkono wa binti yangu kwenye paji la uso wangu. Nilikuwa naomba, lakini maombi yenyewe yalikuwa yanapotea katikati. Nilisema, "Bwana, kama ni leo, basi chunga watoto." Sikuwa na imani kubwa siku hiyo. Nawaambia kama ilivyokuwa, ili mwingine aliye na imani ndogo asijione mwizi humu ndani.

Hospitalini alikuja daktari msichana, umri wake kama wa Naipanoi, nywele amesuka. Akanigusa mgongo, nikapiga kelele. Akawaambia maambukizi yamepanda kutoka kwenye kibofu yakafika kwenye figo, na huenda yameingia kwenye damu. Alisema kwa upole lakini niliona anaharakisha. Kisha akauliza swali moja tu: "Amekuwa akitumia dawa gani?"

Naipanoi alisema hajui, maana alidhani sindano ile aliyoizuia ndiyo ingekuwa ya kwanza. Mimi ulimi ulikuwa mzito, nilijaribu kusema na maneno hayakutoka. Aliyekuwa anajua alikuwa amesimama karibu na mlango, anatazama ukuta.

Kanisa, nataka mwone lile lililokuwa mbele ya mume wangu. Huyu ni mzee. Hajawahi kutaja mkojo wa mke wake mbele ya mtu yeyote, hata mbele yangu mwenyewe! Sasa aambie msichana mdogo, na binti yake wa kumzaa akiwa anasikia. Na zaidi ya hiyo aibu, yeye anayeitwa daktari na majirani aseme amemdunga mtu dawa ya ng'ombe. Ningekuwa na nguvu ningemwambia nyamaza, nitakufa na siri yako. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nilikuwa tayari kufa kuliko kumwona mzee wangu akiaibika.

Daktari akauliza tena. Mzee akaendelea kutazama ukuta. Akauliza mara nyingine, safari hii akimwangalia yeye. "Mzee, kama unajua kitu, nisaidie. Huyu mama hana muda mwingi."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo ninapouona mkono wa Bwana. Wengine wanasema waliona nuru, wengine waliota ndoto. Mimi niliona Mungu akifungua mdomo wa mwanaume Mmaasai! Alimwambia Naipanoi, "Ngoja nje, mtoto wangu." Mlango ulipofungwa akavua kofia, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ile chupa ya njano. Alikuwa ameondoka nayo nyumbani, na mpaka leo hajui kwa nini. Akamwekea daktari mezani. Akasema, "Ni hii. Nimemdunga mara nyingi, sikuhesabu. Na kuna vidonge anaficha kwenye debe la unga, anadhani sijui." Mimi nilidhani hajui!

Yule msichana hakucheka. Hakumkemea. Alishika ile chupa, akaisoma, akasema, "Asante, mzee. Umenisaidia sana." Hapo hapo akatuma mkojo wangu maabara kabla hata ya kuniwekea dawa. Alieleza kwamba huko wanauweka mahali pa joto, wale bakteria wanaota, halafu wanawajaribu kwa dawa moja moja kuona ipi inawaua. Majibu yanachukua siku. Akasema hataanza na zile dawa za kawaida kwa sababu ameshajua zimetumika vibaya, angepoteza muda ambao mimi sina.

Mzee akamwuliza, "Mwili wake umezoea dawa?"

"Hapana," daktari akajibu. "Mwili wa mama hauna makosa. Ni wale bakteria ndio wamezoea. Kila mara unaua wale dhaifu, wenye nguvu wanabaki."

Mzee akaitazama ile chupa pale mezani. Halafu nikasikia akisema, kwa sauti ya chini sana, "Kama kupe."

"Kabisa, mzee. Kama kupe."

Akaketi chini kwenye benchi. Kwa ndoa yetu yote sijawahi kumwona akilia, na siku hiyo alijifunika uso kwa shuka lake. Mabega yalikuwa yanatikisika. Niliumia moyo kuliko nilivyokuwa naumia figo.

Dawa ya kwanza ya mshipa ilinishusha homa kidogo, ikarudi. Zilikuwa siku mbaya. Nilikuwa naongea na mama yangu aliyekufa zamani. Kina mama wa kanisa mlikuja, nimeambiwa, mkaimba kando ya kitanda, na mimi nikawauliza bei ya maziwa. Mnisamehe.

Walikuwa wameniwekea mpira wa kutoa mkojo, unaingia kwenye mfuko. Wauguzi walikuwa wachache siku hizo, na mkojo ulitakiwa upimwe ili wajue kama figo bado zinafanya kazi. Muuguzi akamwuliza Naipanoi kama anaweza kusaidia. Mzee wangu akasema, "Nipe mimi." Akaonyeshwa jinsi ya kufungua na kupima. Na kutoka hapo, kanisa, mume wangu alikuwa anapita katikati ya wodi ya wanawake, mchana kweupe, amebeba mkojo wangu kwenye jagi, anaenda kuumwaga, anarudi kumwambia muuguzi kiasi gani. Wanaume wenzake waliokuja kuwaona wagonjwa wao walikuwa wanamwangalia. Mmoja anayemfahamu alimwuliza kwa Kimaasai kama amekosa kazi. Akamjibu, "Hii ndiyo kazi." Akapita.

Nilipoona hilo nililia mpaka mto ukalowa. Nilikuwa nimeishi na huyu mtu nikidhani kuna ukuta katikati yetu ambao Mungu mwenyewe aliujenga. Kumbe tuliujenga sisi, kwa kunyamaza.

Majibu ya maabara yalikuja. Daktari alituita sisi watatu, Naipanoi akiwemo, na safari hii mzee hakumtoa nje. Akasema zile dawa za dukani zote nilizomeza, hakuna hata moja inayowaua hawa bakteria. Hii ya njano nayo kwao ni kama chai. Hata ile aliyoanza nayo haikuwa na nguvu kwao. Ilikuwa imebaki moja, ya kuwekwa kwenye dripu, ambayo hospitali wanaiweka akiba kwa wagonjwa wa namna yangu. Nikamwuliza, "Na hiyo wakiizoea?" Alinitazama. Akasema, "Mama, nyuma ya hiyo sina nyingi." Ndugu zangu, nimehubiriwa juu ya mauti tangu utoto, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwa maneno hayo machache.

Tuliomba. Mzee wangu ambaye hapa kanisani huitikia amina tu, aliomba kwa sauti, kwa Kimaasai, mkono mmoja juu ya dripu. Alisema, "Engai, hii ndiyo ya mwisho tuliyo nayo. Iwe na nguvu." Daktari naye alisimama, akainamisha kichwa, akangoja mpaka amina ndipo akaifungulia.

Na homa ilivunjika! Bwana asifiwe! Siku iliyofuata niliomba uji. Kesho yake nikamwuliza Naipanoi ng'ombe wangu wanakamuliwa na nani, akaanza kucheka na kulia pamoja. Niliendelea na dawa mpaka ikaisha yote, hata zile siku nilizokuwa najisikia mzima kabisa na natamani kurudi nyumbani. Nilitaka kutoroka, nasema ukweli, na mzee aliketi karibu na mlango kama mlinzi wa benki. Baadaye nilirudi kupimwa tena, wakaotesha mkojo tena, na hakuna kitu kilichoota. Hakuna! Ndiyo maana nimekuja leo na si siku ile niliyotoka hospitali. Nilitaka kwanza niwe na uhakika.

Sasa nyumbani tuna choo. Mzee alikichimba kabla ya kurekebisha hata zizi, na mlango wake unafungwa kwa ndani. Nakunywa maji. Na watu bado wanakuja bomani kumwambia, "Daktari, mama yangu anaumwa, tusaidie na ile ya njano." Anawauliza, "Mama yako ana kwato?" Halafu anawapa chai, anawaeleza kila kitu, mpaka habari za mkojo wangu, bila kutazama ukuta. Mwingine alikasirika akaondoka akisema amekuwa na maringo. Mzee wangu alimpigia simu mchungaji ili amfuate yule mtu, na mama wa watu akafika hospitali.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai. Namshukuru kwa yule daktari msichana ambaye hakumcheka mume wangu. Kama angecheka, mdomo ule ungefungwa na mimi nisingekuwa hapa. Namshukuru kwa Naipanoi. Na wewe, Baba Lemayian, asante. Sijawahi kukuambia hilo neno mbele ya watu, na leo nimeliweka hapa kanisani wote wasikie.

Ndugu zangu, mimi sina mahubiri. Kuna mtu ameketi hapa leo na inamchoma, na ameshameza vidonge vya jirani, na amevaa tabasamu. Mtegemee Mungu, mama. Yeye ndiye alikuumba, hakuna sehemu ya mwili wako inayomwaibisha. Nenda upimwe, sema yote uliyomeza, na ukipewa dawa imalize. Ukiogopa kwenda peke yako, nitafute baada ya ibada, twende wote.

Na wewe ambaye huumwi popote, nakuomba kitu kimoja. Mimi asubuhi ya leo niliamka, nikaenda chooni, nikakojoa, na haikuuma. Nilisimama huko ndani nikalia kwa furaha kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Kesho utaamka, utaenda, na haitauma. Usitoke kabla hujasema asante.